Mizani Mbili Pungufu

Mikoba arobaini na moja.
Si ya ngozi, si ya ukindu: yote imo
ndani ya kompyuta moja ya shule
ambayo kitufe chake cha R kiling'oka muhula wa kwanza,
nami nabonyeza kishimo kwa ncha ya kalamu.
Huku Rungwe tumecheka sana juu ya hilo.

Kesho saa sita mchana alama ziwe zimefika.
Mvua ya Tukuyu haijui kesho,
inapiga bati tangu Jumatatu,
na mtandao, ukiutaka,
sharti upande hadi Isyonje,
usimame kati ya magunia ya kabichi
umenyoosha mkono juu
kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Nafungua mkoba wa Subilaga.
Februari: "Mwalimu, nimesahau karamu nyumbani."
Darasa zima linaangua kicheko.
Machi: "Mjomba ametualika kalamu."
Juni anakwenda polepole, kila silabi anaipima kwa mguu
kama anavuka Kiwira juu ya mawe yenye utelezi:
ka-la-mu.
Ka-ra-mu.
Kisha kimya.
Kisha, kwa mnong'ono:
"Zote mbili sina."

Matamshi nimempa nane.
Ule mnong'ono hauna kisanduku.

Kama saa nne usiku hivi
naanza kuisikia sauti nyingine.
Imo katika kila faili, nzito, ina haraka,
inamkata Tumpale katikati ya sentensi,
inamalizia methali ambayo Ambilikile
alikuwa bado anaitafuta mfukoni.
Hapana. Rudia. Hapana, nimesema.
Dakika nne za mtahiniwa,
mbili na nusu ni zangu.
Nasimamisha. Narudisha nyuma. Nahesabu tena
nikidhani nimekosea.

Gwakisa hakurekodi kitu.
Alipiga picha daftari,
kidole gumba kimeziba pembe, udongo umo ukuchani:

    Ukungu umeshatanda, hata jirani simwoni,
    viazi vinapopanda bei huko magengeni,
    mama aliyevipanda, senti haioni.

Mwezi wa Mei niliandika kwa wino mwekundu:
kipande cha mwisho kina mizani mbili pungufu, sahihisha.
Juni akaleta ubeti uleule.
Agosti, uleule, na chini yake kwa penseli:

"Mwalimu, mizani ya mnunuzi nayo ilipunguza.
Gunia letu la lumbesa lilikuwa kilo mia na thelathini,
yeye akaandika mia.
Sasa hizo mbili nizitoe wapi?"

Ningeweza kuuita msuko nikajiokoa;
vitabuni jina lipo, na alama zipo.
Lakini huyu hakusuka.
Alipunjwa, akaacha pengo lionekane.

Mfumo unataka namba.
Naandika saba, nafuta. Naandika tisa.
Nafikiria mkaguzi aliye mbali, mkavu, ana chai yake,
atauhesabu mstari kwa vidole na kuguna.
Agune. Tisa inabaki.

Betri ya sola imebakiza kijiti kimoja.
Alfajiri nitapanda bodaboda ya Lusekelo,
flashi nimeifunga kwenye nailoni ya sukari,
ndani ya soksi, ndani ya kiatu,
na Mungu atusaidie pale kwenye kona.

Uko mkoba mmoja zaidi, wa arobaini na mbili,
ambao hakuna aliyeuagiza.
Nimeufungua usiku huu, nikaupa jina langu,
nikaweka nafasi ya faili moja:
Kidato cha Nne B, dakika nne,
wao wanazungumza,
mimi nimenyamaza.

Bado sijairekodi.