Kabati la Ghorofani

Sidria mpya, za kila kifua.
Soksi za sufu. Suruali za mazoezi, za kijivu na nyeusi;
nyekundu nilizitoa, Heulwen alisema nyekundu inapiga kelele.
Raba jozi kumi na tatu,
moja ya mtoto. Hiyo sipendi kuihesabu
lakini naihesabu.

Nguo ulizokuja nazo huchukuliwa na polisi,
hutiwa mfuko wa karatasi, hufungwa utepe,
huandikwa namba. Hata koti ulilonunuliwa na mama.
Basi utatokaje hospitali ya Bangor
saa kumi alfajiri, na gauni la kufungia mgongoni,
urudi Blaenau, mvua ikichapa mapaa ya mawe?

Kwa hiyo kuna kabati.
Liko juu ya duka la viatu lililokufa,
mlango wa bluu usio na kibao.
Vibao huvuta macho, na mji wetu mdogo:
ukipiga chafya Manod,
Tanygrisiau wanakuitikia afya.

Nilikuja nikidhani kazi hii ni ya maneno.
Miaka thelathini nilikagua tikiti kwenye reli ya bondeni;
maneno ninayo. Nikaja na sentensi nimezipiga pasi.
Usiku wa kwanza, msichana mmoja, aitwaye
hapana. Jina lake ni lake.
Nikamwambia, "Mwanangu, utapona."
Akanitazama
kama mtu anavyoitazama saa iliyosimama.
"Una soksi?" akauliza.
Nilikuwa nimezivaa. Nikavua.

Tangu hapo sisemi mengi.
Nauliza: chai au maji?
Mlango wazi, au tuufunge?
Mimi niketi wapi?
Vijambo vya kuamua, kimoja kimoja,
kama mtu anayerudishiwa pesa alizoporwa
senti kwa senti.

Gazeti liliandika, "binti aliyechafuliwa."
Nilimpigia mhariri. Nikamwambia:
Bwana, nafua nguo tangu nina miaka saba,
najua uchafu hukaa wapi.
Huyu ni safi.
Neno lako mpelekee aliyetenda.
Akakata simu. Nikapiga tena.

Mwezi wa pili baraza likasema fedha hazitoshi.
Diwani Emrys, mtu mpole, kikombe chake mkononi,
akauliza, "Ni wangapi hasa, katika mji kama huu?"
Heulwen alikuwa na takwimu, kurasa saba.
Mimi nilikuwa na kopo la biskuti.

Majina hatuandiki.
Lakini kila nguo itokapo kabatini
naikata lebo yake, mtu asivae bei ya mwenzake,
na lebo naitia kopo.
Miaka sita.
Nikalimimina mezani pao.
Zilitoa sauti ndogo, kama majani makavu,
zikaendelea kumwagika
hata pale mtu angedhani zimekwisha.

Hakuna aliyekohoa.
Diwani akaziparuza kwa kidole, moja, nyingine,
kisha akasimama kwenye moja.
Ya suruali ya mwanamume, saizi kubwa.
"Na wanaume?" akauliza.
"Na wanaume," nikamjibu.
Kidole hakikuondoka.
Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu, kama niwaambiavyo wote,
mlango ni wa bluu, Alhamisi tunafunga usiku.

Walitupa nusu ya tulichoomba.
Nusu ni ya kodi ya pango na simu;
soksi tunaomba kanisani, na kwa wachezaji wa raga,
ambao mara ya kwanza waliona haya kuuliza za nini
na mara ya pili wakaleta maboksi mawili.

Kesi ya yule msichana ilianguka. Ushahidi, walisema.
Nilikaa nyuma yake siku zote nne,
mahali ambapo akigeuka ataniona.
Aligeuka mara moja.

Leo napanga upya rafu ya chini.
Zile soksi zangu hazikurudi, na sizidai.
Naomba tu ziwe zimetoboka
kwa kutembea.