Sifuri Tatu

Baba alipiga namba kwenye chesisi kwa tindo na nyundo:
sifuri, sifuri, sifuri, moja.
Nikamuuliza sifuri za nini.
"Nawawekea wadogo zake nafasi."

Karakana ya Nyakato, mwaka wa foleni za sukari.
Springi walizikunja wenyewe.
Vioo havikupatikana, wakafunga turubai.
Sajenti Byabato, aliyetumwa na jeshi kulijaribu,
alilizunguka mara mbili akiyapiga teke matairi,
akasema lina sura ya kiboko aliyeamshwa.
Jina likaganda.

Siku ya majaribio walitaka uzito wa askari wanane.
Walikuwapo watano. Wakapakia magunia mawili ya mbegu za pamba
na mimi, wa darasa la tatu, juu ya magunia,
nimeandikwa kwenye fomu: nusu askari.
Nusu iliyopungua, alisema sajenti, ni woga,
tuuache hapa chini.

Tuliyapanda mawe ya Bwiru. Naapa tuliyapanda.
Gurudumu moja hewani, matatu yanauma jiwe,
ziwa limesimama wima kushoto kwangu
kama shuka iliyoanikwa,
na fundi Lutonja anakimbia nyuma na spana,
anazibembeleza boliti zake kwa Kisukuma.
Kisha Igombe, kwenye mafunjo,
maji hadi kwenye ekseli, hadi magotini kwangu,
na Kiboko akatoka akikohoa, amevaa magugu shingoni.

Wageni wa kamati waliandika.
Walikula sato. Wakamsifu sato.
Barua itakuja, walisema.

Kila Ijumaa baba alikwenda posta, suruali imepigwa pasi,
mpaka karani akawa anatikisa kichwa
kabla hajafika dirishani.
Ilikuja mwaka wa pili, mistari minne:
fedha za kigeni, vipaumbele, tunashukuru.
Neno gari halikuwamo.

Injini ilikwenda kusaga mahindi Kisesa.
Mwili uko Igombe, nyuma ya nyumba ya dada yake Lutonja;
boneti yake pana wanaanikia dagaa,
na paka wa pale wanamjua Kiboko
kuliko jeshi lilivyowahi kumjua.

Juzi nimeikwangua kutu kwa ufunguo wa nyumba.
Moja imeliwa.
Sifuri zote tatu zipo, na ndani ya ile ya kati
gamba la dagaa, linameta.
Nikatazama huku na huku, hakuna mtu.
Nikapiga saluti.
Nusu.