Sabini na Mbili

Raba ni za mkwe wangu, zimenizidi nusu kidole.
Nimezitia pamba mbele.
Nimetoka baada ya alfajiri, kabla jua la Al-Hail
halijakumbuka kwamba huu ni mwezi wa sita,
vyuma vya bustani bado vinashikika.
Saa tatu ukivigusa, utaacha ngozi.

Daktari, kijana ambaye ndevu zake bado zinaomba ruhusa,
alisema: "Mama, sukari. Tembea."
Nikamuuliza nitembee niende wapi.
Hapa kwenda ni gari. Hata duka la mkate la ng'ambo ya barabara
tunaliendea kwa gari, tunapiga honi,
mkate unatoka wenyewe.

Kila chuma kina kibao, na kibaoni mtu wa kuchorwa:
hana uso, hana tumbo, hana buibui la kukusanya.
Kwake yeye yote mepesi.

Nilianza na gurudumu la mabega,
nikalizungusha kama dereva wa lori lililouzwa injini zamani.
Kisha kiti: ukivuta mikono, kinakunyanyua
kwa uzito wako mwenyewe.
Nikavuta. Nikapanda shubiri moja, nikashuka kwa kishindo.
Kumbe mzigo ni mimi
na hamali ni mimi
na ujira hakuna.

Kuna sahani ya kusimamia, ya kuzungusha kiuno.
Nilitazama huku, nikatazama huku.
Mtunza bustani alikuwa mbali, anabishana na mpira wa maji.
Basi. Chuma hakikuwa na la kunifundisha hapo.
Kiuno hiki kilisomeshwa na somo yangu, mlango umefungwa,
Ng'ambo ya Unguja, miaka arubaini na tano nyuma,
kikafaulu.

Mwisho nikapanda ile ya kutembea hewani:
mguu huu mbele, ule nyuma, unakwenda na huendi.
Nikapiga bismillahi, nikahesabu.
Kwa Kiarabu nanunua, nahani misiba, nagombana na kampuni ya maji.
Kuhesabu, nahesabu kwa lugha niliyohesabia kokoto za mdako.
Kumi na nane. Kumi na tisa.
Pumzi ikakatika.

"Ishirini," ikasema sauti nyuma yangu.

Binti mrefu, mkono mmoja kwenye kigari cha mtoto,
mtoto kalala mdomo wazi.
Wakesho. Kwao Wundanyi, kwenye baridi na kabichi.
Mwaka wa pili kwa wenye geti la kijani.
"Nina dakika kumi," akasema. "Huyu akiamka, atalia mpaka Sohar wamsikie."
Akafunga breki, akapanda chuma cha pili.
"Usiangalie miguu, bibi. Angalia mbele, kama una safari."
Mbele palikuwa na tangi la maji na dishi lililopinda.
Nikaviangalia kama nina safari.

Tukaenda. Mimi nikitaja witiri, yeye shufwa.
Yeye alisema arobaini, mimi arubaini na moja;
hatukusahihishana.
Kati ya hamsini na sitini alinieleza goti la mama yake,
na mbuzi aliyeuzwa ili pasipoti ipatikane.
Kati ya sitini na sabini
alitaja namba tu.

"Sabini na mbili," akasema, na nyasi zikafyatuka.
Maji kila upande! Nami mashine ile haisimami kwa kuambiwa:
nimeshafika, miguu ingali inakwenda.
Buibui likaloa, pamba ikanywa.
Mtunza bustani akaja mbio, akiomba radhi kwa lugha tatu,
hata moja si yetu.
Mtoto akaamka. Akatutazama. Akacheka
kicheko cha mtu aliyelipa kiingilio.

Mwanangu Yaarubu yuko mlangoni, funguo za gari mkononi.
"Mama! Unatoka wapi hivyo?"
"Kutembea."
"Umefika wapi?"
Nikavua raba, nikakamua pamba kizingitini.
"Sabini na mbili," nikamwambia.
"Kesho tunaanzia hapo."