Mvumaji wa Nanaimo, Mwezi Januari

Kikombe kimoja sukari, vinne maji.
"Rangi usitie," Bi Thelma hunikumbusha kutoka ng'ambo ya uzio,
"chupa ni nyekundu, yatosha."

Leo barafu imefika hadi kwenye mrija.
Natoka na tochi kinywani, saa kumi na moja,
naivika chupa soksi ya sufu kama mguu wa mtoto,
vidole vinanata.

Naye yuko palepale, kwenye tawi la mtufaha,
mwepesi kuliko sarafu,
amezima moyo karibu wote,
kabakiza kaa moja.

Kunapambazuka. Koo lawaka waridi.
Vuuu! Anashuka, anakunywa bila kutua,
kisha ananigeukia, mdomo sindano,
ananifukuza
kwenye sukari niliyoinunua mimi.