Kangomba ya Hewani

Alikuja Chande na mkoba wa waya,
viatu vimelewa vumbi jekundu la Kitangari,
akafunga sahani juu ya paa la ghala,
akashuka, akajipangusa mikono:
"Bi Somoe, hii ni mega mbili kwa sekunde."
Nikaandika daftarini kwa kalamu ya bluu:
mega mbili. Nikapiga mstari chini.

Mimi ni mtu wa mizani.
Msimu wa kumi na nne huu nasoma mshale,
natoa uzito wa gunia tupu
kabla sijaandika kilo za mtu,
maana katani nayo ina uzito wake
na mkulima hakuja kuuza katani.

Mnada ulikuwa saa nne asubuhi.
Orodha ya wakulima, picha za stakabadhi,
vyote nimevifunga faili moja: mega tisini.
Nikagawa kichwani, tisini kwa mbili.
Sekunde arobaini na tano!
Nikaenda kuchemsha chai.

Saa nne kasoro dakika tano nikabonyeza.
Mstari wa kijani ukaanza kutambaa
kama jongoo baada ya mvua ya kwanza.
Chai ikapoa, ikafanya utando.
Saa nne juu ya alama,
jongoo amefika theluthi mbili ya njia,
na korosho za Kitangari
zikalala ghalani wiki nyingine.

Nikampigia simu. Nikamwita jina
ambalo huku kwetu halitamkwi kwa mzaha.
Mwezi wa saba, mikorosho bado ina maua
na sufuria halina kitu,
mtu hugonga mlango wa nyuma
na bakuli lake analoliita kilo,
bakuli linalomeza kilo na nusu.
"Wewe na mtu wa kangomba," nikamuuliza,
"mna tofauti gani?"

Hakujibu. Alikuja na pikipiki jioni ile ile,
akaomba karatasi,
akaandika herufi moja mara mbili:
b ndogo, B kubwa.
"Hii biti, hii baiti.
Biti nane ndiyo baiti moja.
Sisi waya tunaupima kwa biti,
nyinyi faili mnalipima kwa baiti.
Mbili gawa kwa nane, unapata robo.
Robo ya mega kwa sekunde ndiyo yako."

Tisini, kila sekunde robo.
Sekunde mia tatu na sitini. Dakika sita.

"Mimi nilihesabu saba na nusu," nikasema,
"kwa saa ile pale ukutani."

Akakuna kidevu.
"Kila fungu la data linabeba anwani yake,
namba yake, alama ya kuhakiki.
Hizo nazo zinapita kwenye waya.
Fundi akitaka kukisia upesi
hagawi kwa nane. Anagawa kwa kumi."

Nikatazama gunia tupu lililoning'inia msumarini.
"Katani," nikasema.
"Nini?"
"Hiyo ni katani, Chande."

Alipoondoka nikautoa mkataba kabatini.
Ipo. Ukurasa wa pili, b ndogo,
ndogo kama chawa kwenye mshono.
Nimeisaini mwenyewe.
Nilitaka kumpigia, nilifute lile jina.
Sikupiga. Hata leo sijapiga.
Mwenye bakuli naye husema
ungeuliza, ningekuambia.

Asubuhi nikachukua chaki,
pembeni ya jedwali la unyevu nikaandika:
MEGA ZA WAYA, GAWA KWA KUMI,
NDIYO MEGA ZA FAILI.
Mnada uliofuata nilianza saa tatu na nusu,
nikanywa chai yangu ya moto.

Ila Mzee Nang'waku, aliyeleta magunia sita,
alisimama mbele ya ubao ule muda mrefu,
kofia mkononi.
"Hii gawa kwa kumi," akauliza, "ndiyo makato mapya?"
Nikamwambia hapana, hayo ni mambo ya mtandao.
Akaitikia kwa kichwa,
akaketi juu ya gunia lake la mwisho,
akaifungua stakabadhi
na kuanza kuihesabu upya.