Mwanadi

Mimi Mwanaidi. Beji yasema MWANADI:
irabu yangu moja imebaki kwa mpiga chapa.
Haya, nadini! Mkuu wa kitivo anataja mishahara ya wahitimu
kama dalali mwenye ng'ombe mnono.
Napiga makofi. Kisha naitoroka ziara.

Nyuma ya maktaba, theluji ya Aprili ikiidondokea Ithaca,
Xiomara wa mwaka wa pili anakula wali uliopoa.
"Deni lako likoje?" nauliza, hata salamu sijatoa.
Anacheka, punje zinamtoka.
Ananitajia tarakimu, kodi ya chumba,
mwalimu wa kumkimbia,
na wa kumfuata hata akifundisha alfajiri.

"Na kulia, je?"
"Februari tu."

Daftarini, chini ya hesabu zote,
naandika Februari.
Naupigia mstari.