Fomu Namba Tatu

Jina kamili: Mwanamvua Pazi Kondo.
Makazi: Buza, nyuma ya kiwanda cha matofali,
ulizia kwa Mama Majani, hata mtoto atakuleta.
Karani akanikata: "Mama, namba ya nyumba."
Namba sina. Nina alama ya X nyekundu
waliyonipigia watu wa barabara, wakaghairi.
Akaandika: X.

Elimu ya tiba: wapi, lini, chini ya nani?
Hapo kalamu ilikaa.
Chuo changu kilikuwa mgongo wa bibi,
yeye mbele na kijembe, mimi nyuma na kikapu,
hasemi neno mpaka mzizi umetoka,
na akisema, husema mara moja.
"Huu usimpe mwenye mimba."
Mara moja.
Cheti alichonipa ni kofi,
siku nilipochimba mti hadi ukafa.
Nikajaza: Kisarawe, 1971, chini ya Bi Semeni.
Mahali pa mhuri wa chuo nikapaacha peupe.

Jina la mmea kwa Kilatini.
Mjukuu wangu Shamte akayatafuta kwenye simu,
majina marefu kama behewa za mizigo.
Mnukauvundo wangu wa uani
ukapata jina la kuitwa mahakamani.
Nilipoumwagilia jioni ile, niliona haya kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa aligonga mhuri
baada ya soda mbili, zote baridi.

Jumanne wakaja wakaguzi.
Dada Leokadia, viatu vyeupe, akapiga chafya kwenye ukili,
akainua chupa: "Hii inaharibika lini?"
Dawa za bibi hazikuwa na tarehe, mwanangu,
zilikuwa na msimu.
"Andika tarehe, Mama."
Nikaandika tarehe.

Wakabeba vijiko viwili viwili kwenda kupimwa.
Na ya Profesa Zumbe wa Tandika wakaibeba,
yule mwenye bango la kisukari, mapenzi,
nguvu za kiume na kesi za mashamba.
Unga wake wa Mizizi Saba
ulikutwa na diklofenaki iliyosagwa.
Mizizi saba, na wa nane katoa duka la dawa!
Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Kwa sababu fomu ile niliigeuza mbele na nyuma,
nikaisoma kwa miwani na bila miwani,
na hakuna mahali ilipouliza
kuhusu Mwajabu wa jirani, miaka minne,
mwaka ule wa mvua za Elinino.
Homa. Nilimpa majani siku tatu.
Majani yaleyale, kipimo kilekile,
mkono uleule uliopigwa kofi ukajifunza.
Siku ya nne tulimkimbiza Temeke.
Daktari akauliza, "Mlikuwa wapi?"
Mama yake hakumjibu daktari.
Alinitazama mimi.

Zumbe alisaga vidonge.
Mimi nilisaga siku tatu.

Chini kabisa, penye "Kwa matumizi ya ofisi",
nikaandika kwa herufi za kubana:
*Homa ya mtoto si yangu. Nizuieni.*
Leokadia akasoma, akakunja uso:
"Hapa hapaandikwi, Mama."
Lakini hakufuta.

Cheti kilikuja baada ya miezi saba,
kina picha yangu, kina namba,
na chenyewe nacho kina tarehe ya kuharibika.
Shamte alitaka tukitundike mlangoni, wateja wakione.
Nimekitundika ndani, mkabala na kigoda changu,
mahali ninapotazama nikiinua macho kutoka kwenye kinu.

Jana, saa nne usiku, hodi.
Msichana wa nyumba ya tatu, mtoto begani,
shingo ya mtoto inachoma kama pasi.
"Mama Majani, nipe chochote."
Sikufunua chungu.
Nilifungua fundo la khanga,
nikahesabu nauli ya bajaji ya watu watatu,
nikatangulia mimi kutoka.